Luthuli Avenue, mtaa unaoipa tableti kuukuu maisha mapya

UKITAKA kujua ni kwa nini familia nyingi za Nairobi hazina haraka ya kununua tableti mpya, usianzie kwenye maduka ya kifahari yenye taa nyingi na wauzaji waliovalia tai. Anzia Luthuli Avenue.

Hii ni barabara fupi. Mtu mwenye miguu myepesi huimaliza kwa dakika chache tu, kutoka Tom Mboya Street hadi River Road, mradi umati umpe nafasi ya kupita. Lakini katika ufupi huo mna maduka ya runinga, redio, spika za kutikisa paa, nyaya, betri, chaja na simu za kila aina, hata mgeni akajiuliza ni nani atakayevinunua vyote hivyo.

Jina la barabara hii ni la Chifu Albert Luthuli, aliyekuwa kiongozi wa chama cha African National Congress cha Afrika Kusini. Ndiye Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tuzo hiyo ilikuwa ya mwaka 1960, naye alikabidhiwa mwaka 1961. Wengi wa wanaopita hapa kila siku hawana habari naye. Kwao, Luthuli ni mahali pa kununulia spika na pa kutengenezea kilichoharibika.

Wenyeji wa jiji wanakumbuka jinsi barabara hii ilivyokuwa kabla ya mwaka 2019. Matatu zilibanana, mikokoteni ikapenya katikati, na mwenye kutembea kwa miguu akawa hana pa kuweka unyayo. Mwaka huo serikali ya kaunti, ikisaidiana na shirika la Umoja wa Mataifa la UN-Habitat, iliibadilisha. Magari yakaruhusiwa kuelekea upande mmoja tu, njia za wapita kwa miguu zikapanuliwa, na miti ikapandwa.

Ukiingia kutoka upande wa Tom Mboya, sauti ndiyo itakayokupokea kwanza. Kila duka linapiga muziki wake, nao vijana waliosimama mlangoni wanakuita kana kwamba mlizaliwa kijiji kimoja. "Kastoma, karibu! Unatafuta nini? Simu? Wufa? Runinga?" Usipowajibu hawakasiriki. Humgeukia anayekufuata.

ORODHA YA NDANI

Hata hivyo, Luthuli tunayoizungumzia leo haiko mlangoni. Iko ndani, kwenye ngazi nyembamba za majengo ya zamani na kwenye vijia vilivyogawanywa kuwa vibanda vidogo vidogo, vingine vikiwa na upana wa meza moja. Humo ndimo wamekaa mafundi.

Meza ya fundi ni rahisi kuitambua. Ina taa yenye kioo cha kukuzia, seti ya bisibisi ndogo kama sindano, chuma cha kulehemia, mashine ya kupuliza hewa moto ya kulegeza gundi, chupa ya spiriti na mswaki wa kusugulia kutu. Chini ya meza kuna katoni iliyojaa simu na tableti zilizokata roho. Hizo hazitupwi. Ni ghala la spea. Kioo cha hii kitaivika ile, na tundu la chaji la ile litaifufua nyingine.

Kaa hapo saa moja tu utazame wanaokuja. Yuko mama aliyetoka kazini na tableti ya watoto iliyopasuka kioo. Yuko mwanafunzi wa chuo ambaye maandishi yake yote ya muhula yamo ndani ya kifaa kisichowaka. Yuko mzee aliyeletewa tableti na mwanawe anayefanya kazi ng'ambo, naye anaishika kwa mikono miwili kama yai.

Mazungumzo ya pale hayatofautiani sana kutoka meza moja hadi nyingine.

"Fundi, hii imekataa kuchaji," mama atasema, akiitoa mkobani.

"Ilianguka, mama, ama ilimwagikiwa?"

"Ni watoto, fundi. Wewe iangalie tu."

Fundi ataimulika kwa kurunzi, atachomeka chaja yake mwenyewe, ataitikisa kidogo. Kisha atatoa hukumu ambayo mama ameipandia ngazi zile zote kuja kuisikia: "Ni tundu la chaji tu, mama. Hii haijakufa. Usinunue ingine."

Maneno hayo mawili, usinunue ingine, ndiyo yanayowanyima usingizi watengenezaji wa tableti huko duniani.

KISA KILICHOANZIA SAN FRANCISCO

Ili kuelewa, yafaa turudi nyuma kidogo. Mnamo Januari 27, 2010, marehemu Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani katika jiji la San Francisco, Marekani, akaonyesha kifaa bapa kisicho na vitufe vya kuandikia. Alikiita iPad. Bei ya chini ilikuwa dola 499, na watu wakaanza kukinunua Aprili mwaka huo.

Tableti zilikuwapo hata kabla ya hapo, lakini hiyo ndiyo iliyowasha moto. Kabla ya mwaka kwisha, Samsung nayo ilikuwa imeleta Galaxy Tab. Baadaye zikaja nyingine za bei nafuu kutoka China, na wako waliotabiri kwamba tableti ingeizika tarakilishi na hata kitabu cha karatasi.

Kwa miaka michache utabiri ulielekea kuwa kweli. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya IDC, mwaka 2014 tableti takriban milioni 230 zilipelekwa madukani kote duniani. Huo ulikuwa upeo wake. Mwaka uliofuata idadi ilishuka hadi karibu milioni 207, nayo ikazidi kuteremka. Apple yenyewe iliuza iPad milioni 71 katika mwaka wake wa fedha wa 2013. Miaka miwili baadaye iliuza pungufu ya milioni 55.

Ugonjwa wa corona ulipofunga shule na ofisi mwaka 2020, mauzo yaliinuka tena, kwa kuwa kila nyumba ilihitaji kifaa cha kusomea. Lakini mwamko huo haukudumu. Mwaka 2023 idadi ilikuwa imeanguka hadi karibu milioni 128, ndipo ikapanda tena kiasi mwaka 2024.

Je, watu walizichoka tableti? La. Ukiuliza katika nyumba nyingi utaambiwa kwamba ipo, na bado inatumika. Hapo ndipo penye siri yenyewe. Aliye nacho haoni sababu ya kununua kingine.

KWA NINI HAZICHAKAI

Tableti haiishi maisha ya simu. Simu hutiwa mfukoni, hukaliwa kwenye matatu, huanguka sokoni na kulowa mvua. Tableti aghalabu hukaa nyumbani, juu ya kabati au chini ya mto. Hutolewa jioni watoto watazame katuni au wafanye kazi ya shule, kisha hurudishwa.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri hizi huchoka kulingana na mara zinazojazwa na kumalizwa. Apple husema kwamba betri ya iPad imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake hata baada ya kujazwa kikamilifu mara 1,000. Kama nyumbani mwako mnaijaza siku moja na kuiacha siku moja, mara hizo 1,000 zitachukua zaidi ya miaka mitano kutimia. Simu inayojazwa kila usiku huifikia idadi hiyo katika muda wa chini ya miaka mitatu.

Tazama pia mfano wa iPad 2, iliyotoka mwaka 2011. Iliendelea kupokea mfumo mpya wa programu hadi mwaka 2016. Aliyeinunua mapema alikaa miaka mitano bila kuambiwa na mwenye kampuni kwamba mali yake imepitwa. Ni nani angekimbilia dukani?

Isitoshe, kazi ambazo tableti hufanya hazijabadilika sana. Kusoma kitabu ni kusoma kitabu. Video iliyochezwa miaka sita iliyopita huchezwa vivyo hivyo leo. Tableti mpya huwa nyepesi kidogo na ya kasi kidogo, lakini mtoto anayejifunza kuhesabu haioni tofauti hiyo.

SIMU ILIYONENEPA

Sababu ya pili imo mfukoni mwako. Samsung ilipoleta simu ya Galaxy Note mwaka 2011, yenye kioo cha inchi 5.3, wako walioicheka wakisema ni kama kushika kibao cha kukatia mboga sikioni. Kicheko hicho hakikudumu. Mwaka 2014 Apple nayo ikatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5, na siku hizi simu ya inchi sita na nusu ni jambo la kawaida hata kwa mwenye kipato cha chini.

Tableti ndogo za inchi saba, zilizokuwa zikipendwa kwa urahisi wake, zikajikuta hazina kazi. Mwenye simu pana aliona hana haja ya kubeba vifaa viwili vinavyokaribiana kimo.

Humu nchini kuna jambo jingine zaidi. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, simu imekuwa pochi. Ndiyo inayolipa nauli, umeme, karo na mchango wa harusi. Kisha likaja kundi la WhatsApp la chama, la wazazi wa darasa, la kanisa au msikiti, na la ukoo wakati wa matanga. Tableti nyingi zilikosa nafasi katika baraza hilo. Kwa mfano, WhatsApp haikuwa na programu yake rasmi ya iPad hadi Mei 2025.

Kwa hivyo fedha zinapopatikana, simu ndiyo hubadilishwa kwanza. Baba hupata mpya, mama hurithi ya baba, kifungua mimba hurithi ya mama. Tableti husubiri foleni yake, na foleni yenyewe haina mwisho.

DOLA, KODI NA KARO

Sababu ya tatu ni mfuko. Vifaa vingi vya aina hii hutoka ng'ambo na bei yake hufuata dola. Mwaka 2010, dola moja ilikuwa karibu Sh80. Januari 2024 ilifika karibu Sh160, kabla ya shilingi kujikaza na kurudi karibu Sh130 mwaka huo huo.

Hebu tupige hesabu. Kifaa cha dola 499 kwa Sh80 ni Sh39,920. Kifaa hicho hicho kwa Sh160 ni Sh79,840. Hapo hujaongeza usafiri, ushuru wala faida ya mwenye duka. Kifaa hakikuongezeka hata msumari mmoja, lakini kwa mnunuzi wa Nairobi bei ilikuwa imejirudufu.

Simu zilipata watetezi. Ingawa sheria ya fedha ya mwaka 2022 iliongeza ushuru wa asilimia 10 kwa simu kutoka nje, kulikuwa na njia za kumwezesha mnunuzi wa kawaida. Mwaka 2020 Safaricom ikishirikiana na Google ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango uliomwezesha mtu kuchukua simu na kulipa Sh20 kwa siku. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River. Mambo kama hayo yamewavuta watu kwenye simu.

Naye mzazi anajua kalenda yake. Januari ni karo, sare na vitabu. Ikifika Mei muhula mwingine unabisha hodi, na Agosti vivyo hivyo. Katika orodha hiyo, tableti mpya iko mkiani, baada ya godoro na viatu. Mtoto akilalamika kwamba ya nyumbani ni ya zamani, jibu huwa ni moja: "Si inawaka?"

Wala si nyumba za watu binafsi pekee. Mwaka 2013 serikali iliyoingia mamlakani iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango huo ulibadilika, na kuanzia mwaka 2016 watoto walianza kupelekewa tableti, zikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na washirika wao wa kigeni. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Mwaka 2019, sensa ya taifa iliachana na makaratasi kwa mara ya kwanza, na makarani wakaenda nyumba hadi nyumba na tableti mkononi.

Kwa watoto wengi wa mashambani, hizo ndizo tableti za kwanza kuzigusa. Miaka imepita tangu wakati huo, na vifaa vya awamu ya kwanza vimezeeka. Shule, kama ilivyo familia, huiweka tableti katika fungu moja na sufuria: hununuliwa mara moja, ikatumika hadi itoboke.

KILICHOMO NDANI

Ukikaa na mafundi wa Luthuli utagundua sababu ya nne, ambayo haimo katika vitabu vya wanauchumi. Mara nyingi anayekuja kutengeneza tableti hatetei kifaa. Anatetea kilichomo ndani.

Humo mna picha za mtoto akijifunza kutembea. Mna sauti ya nyanya aliyekwisha kuzikwa, akiimba siku ya mahari. Mwanafunzi wa kidato cha nne amehifadhi humo karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, naye ana majuma machache kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Wengi hawakuweka nakala popote pengine. Kifaa kikifa, vyote hivyo vinakwenda nacho.

Ndiyo maana si ajabu kuona mtu akilipa fundi fedha ambazo jirani yake atasema ni upotevu. Jirani anahesabu bei ya chuma na kioo. Mwenyewe anahesabu kitu kingine.

KUAHIRISHA KUNA KIKOMO

Lakini wahenga walisema kila chenye mwanzo hakikosi mwisho. Kuahirisha kununua ni busara, ila kuna mahali busara hiyo hugeuka kuwa hatari, na ni vyema familia zipajue.

Kwanza ni betri iliyovimba. Ukiona kioo kimeanza kuinuka kutoka kwenye fremu, au mgongo wa tableti umetuna kama mkate, acha kuichaji mara moja. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi mahali pake. Betri hizo zinaweza kushika moto. Mtoto asiachiwe kifaa hicho hata dakika moja. Mpelekee fundi abadilishe betri, au uachane nacho.

Pili ni programu. Kifaa kinaweza kuwaka vizuri kabisa huku kikiwa kimeachwa nyuma. Oktoba 2023, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye vifaa vya Android vyenye mfumo ulio chini ya 5.0. Mei 2025 ikaacha iPhone zisizofikia iOS 15.1. Wenye vifaa hivyo hawakuvunjikiwa na chochote. Mlango ulifungwa kutoka upande wa pili.

Baya zaidi ni usalama. Mtengenezaji akishaacha kutuma marekebisho ya usalama, matundu yanayogunduliwa na wezi wa mitandaoni hubaki wazi. Tableti ya namna hiyo bado inaweza kumfaa mtoto kwa vitabu na video zilizohifadhiwa ndani. Lakini usiitumie kwa mambo ya benki, wala usihifadhi humo nywila za akaunti zenye fedha. Sababu ya kuahirisha ilikuwa kuokoa pesa, na haina maana kuokoa elfu kumi kisha ukaporwa elfu hamsini.

Tatu ni gharama yenyewe. Tuseme tableti mpya ya aina yako ni Sh15,000, na fundi anataka Sh3,000 kwa kioo. Hapo tengeneza. Lakini kama kioo ni Sh5,000, betri Sh3,000, na tundu la chaji nalo linalegea, umeshavuka nusu ya bei kwa kifaa ambacho kesho kitadai kingine. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe.

UKIENDA LUTHULI

Msomaji ambaye hajawahi kufika huko asiogope. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla umati haujafurika na mafundi hawajaelemewa. Jumapili maduka mengi hufungwa. Mkoba wako uweke mbele, usiuache mgongoni.

Kabla ya kutoka nyumbani, kama kifaa bado kinawaka, nakili picha na maandishi yako mahali pengine. Toa memori kadi na laini ya simu ubaki nazo. Ukifika, usimpe wa kwanza aliyekuita mlangoni. Uliza bei kwenye meza mbili au tatu, kwa kuwa kupatana bei ni desturi ya pale na hakuna atakayekununia.

Uliza spea ni ya aina gani. Kuna kioo orijino, kuna kopi nzuri, na kuna kopi itakayokataa kusikia kidole chako baada ya juma moja. Tofauti ya bei ni kubwa, na ni haki yako kujua unalipia kipi. Omba kubaki hapo kifaa kinapofunguliwa, na uonyeshwe kilichotolewa. Kikimalizwa, kijaribu papo hapo: kichaji, kiguse kila pembe, piga picha, sikiliza sauti. Kisha chukua risiti yenye jina la kibanda na nambari ya simu. Asiye na risiti hana pa kurudi.

Na kile kisichoweza kufufuka? Usikitupe kwenye pipa la taka za jikoni. Vifaa hivi vina madini yenye sumu, na vikichomwa jaani moshi wake huvutwa na watoto wa watu. Fundi anaweza kukinunua kwa ajili ya spea. Hapa Nairobi kuna pia WEEE Centre, kituo kinachopokea vifaa vya umeme vilivyokufa na kuvivunjavunja kwa njia salama. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za aina hii, na chini ya robo yake ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Katika mwaka huo huo, Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka mtengenezaji au mwagizaji kuwajibikia bidhaa yake hata baada ya kuharibika.

Ulaya imekwenda mbali zaidi. Tangu Juni 2025, simu na tableti mpya zinazoletwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na spea kwa miaka saba baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na programu zake kuendelea kurekebishwa kwa angalau miaka mitano. Yale ambayo mafundi wa Luthuli wamekuwa wakiyafanya kwa bisibisi na katoni ya spea kuukuu, wenzetu wameyaandika kuwa sheria.

Kwa kampuni kubwa, takwimu za mauzo kushuka ni habari mbaya. Kwa familia iliyokalia hesabu zake mezani, huenda si habari mbaya hata kidogo. Tableti iliyodumu miaka minane imelipa deni lake, na fedha ambazo zingenunua ya pili na ya tatu zimekwisha kuwa sare, vitabu na nauli.

Kwa hivyo, kabla hujavunja kibubu kwa sababu mtoto ameona tangazo, ichukue ile iliyo juu ya kabati. Ipanguse vumbi, itazame kama imevimba, uangalie mara ya mwisho ilipopokea marekebisho ya programu. Ikiwa tatizo ni kioo, betri au tundu la chaji, mpelekee fundi wa Luthuli aitazame. Akikwambia imekwisha, hapo ndipo uanze kuuliza bei ya mpya.